Lumbesa

Isyonje, saa kumi na moja alfajiri. Ukungu umekalia
mashamba ya viazi kama mgeni asiye na haraka.
Subilaga anashona mdomo wa gunia kwa kamba ya katani,
ananiuliza: Fuso au kirikuu?

Fuso litabeba yote kwa safari moja,
ila pale kizuizini wataliona tangu linakata kona.
Kirikuu kitapenya njia ya mashamba ya pareto, taa zimezimwa,
lakini tumbo lake ni magunia saba, basi.
"La nane tulifunge nje," anasema. "Ubavuni."

Nacheka.
Halafu sicheki.

Kabla ya viazi nilikuwa fundi silaha wa ndege za kivita.
Kuning'iniza makombora chini ya bawa,
kuyakaza, kuyapangusa, kusaini daftari.
Walituchorea ubaoni: ndege ndogo
kwenye kioo cha rada ni punje ya ulezi,
adui aweza kuipuliza akidhani ni vumbi.
Lakini pua ndogo hubeba rada ndogo,
huona karibu, kama mwenye kibatari.
Kubwa huona mbali, hubeba mengi,
na huonekana kabla haijafika,
kama msafara wa harusi wenye matarumbeta.
Ukificha kombora tumboni, utabeba machache.
Ukilitundika nje, kila pembe ya chuma
inamwitikia adui: nipo, nipo, nipo.

Luteni Gwakisa aliomba mawili.
"Mepesi, fundi. Nataka nipite kama popo."
Nikamwekea manne.
Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu,
nilidhani kumjali mtu hupimwa kwa kilo.
Aliyatazama, akanitazama, akasaini.

Daftari lina jina langu, lina saa ya kuruka.
Safu ya kurudi ni nyeupe.

Hakuna aliyeniuliza. Huenda ni mvua ile,
huenda injini. Huenda ni yale mawili ya ziada
yaliyomng'arisha huko gizani.
Sijui. Na kutojua nako ni mzigo,
sijapata mizani ya kuupandisha.

Subilaga anangoja, sindano mkononi.
Gunia la nane limesimama kati yetu,
kichwa kimevimba.
Nafumua mshono. Viazi vinabingirika topeni.

"Hasara hiyo, baba Tusekile."
"Ndiyo. Washa kirikuu."

"Na hivi?" Anavionyesha kwa ncha ya buti.

Naokota kimoja, nakipangusa,
nakipangusa tena,
nakitia mfukoni.