Maiki

Mwanakheri alilalamika: ananisikia
kama mtu aliyetumbukia mtungini,
feni, upepo, matairi yakisaga daraja la Sabaki,
na mimi huko chini, silabi mojamoja.

Pale Maweni fundi Mwambire hakuuliza mengi.
Aliing'oa maiki mdomoni mwa feni,
akaipandisha karibu na paji la kioo,
akaivika kikofia cha sponji,
kipande cha godoro la mwanawe;
mpira wa mlango uliopwaya akaugandisha gundi.
"Haya, mpigie."

Nikafunga vioo. Nikapiga.
"Leo nakupata," akasema, "mpaka pumzi."
Nikamwambia kazi ni nzuri, watalii tele,
wiki ijayo nitatuma.
Kimya.
Kisha: "Mbona sauti inatetemeka?"

Juzi tu ningejibu:
ni upepo.