Zabibu na Barafu

Jumatatu baada ya isha, ghalani kwa Faki Mshindo,
juu ya magunia ya unga, tulikaa watu kumi na mmoja
wenye maduka. Kombo wa gesi akasimama mlangoni.
Faki akasema: Mize tusimuuzie.
Si mchele, si vocha, si kiberiti.
Duka lake la dawa kule Bopwe lijifunge lenyewe kwa njaa.
Mkono ukanyanyuka, na mwengine, na mwengine.
Wangu nao ulikuwamo. Niliandike hilo kwanza,
maana mali bila daftari huisha bila habari,
na roho vilevile.

Mwanafunzi yule jina lake silitaji.
Wete nzima washalitaja kwa niaba yangu.
Wanasema miezi miwili, wanasema mitatu,
wanasema vidonge, wanasema bahasha ya kaki,
wanasema Mize.
Mize hasemi. Akiulizwa hufuta kioo cha kabati.

Na mie, msinielewe vibaya, sina nilipendalo katika lile.
Mke wangu aliharibu mimba mbili kabla ya Rukia.
Mmoja tukamzika ndani ya kipande cha kanga;
uzito wake, ratili haufiki,
na kiganja changu hakijausahau.

Faki alitupa mfano wa zabibu:
ukijua mnunuzi atazisindika mvinyo, usimuuzie.
Mfano mzuri. Nimelala nao siku tatu.
Ila Mize hakuja kutaka zabibu.
Alikuja na ndoo kutaka barafu,
kwa kuwa umeme ulikatika tangu alfajiri
na jokofuni mwake mna dawa ya sukari ya watu saba,
mmoja ni shemeji yangu.
Nikamwambia: Imekwisha.
Jenereta ilikuwa ikinguruma nyuma yangu, shahidi asiyeitwa.
Akasema, Haya. Akaondoka na ndoo yake.

Duka langu, funguo zangu.
Hakuna wa kunilazimisha nipime nisichotaka kupima.
Kususa ni mlango, na kila mwenye mlango ana komeo.
Lakini makomeo kumi na moja yakifungwa usiku mmoja
huo si mlango tena, ni ukuta.
Na kadhi hakukaa. Shahidi hakuapa.
Tulikaa sisi, na mizani zetu zenye kutu.

Nakumbuka mwaka ule wa vyama.
Duka hilihili, baba nyuma ya kaunta,
wateja ni nzi.
Mikate ikaota ukungu. Watu wakipita upande wa pili wa njia
wanatazama juu, kama wanaotafuta mvua.
Alipofiwa na dada yake, jeneza tulilibeba wanne,
hatukupata wa kutupokea mpaka makaburini.
Usiku baba akacheka kicheko kibovu:
Wao wasuse, sie twala.
Hatukuwa na cha kula.

Jana nikafunua daftari kutafuta deni la Mize.
Hana. Hulipa taslimu.
Nikakuta jina la mwengine,
yule ambaye skuli nzima yajua gari lake lilikuwa likisimama wapi.
Sukari kilo tano. Maziwa ya kopo. Mchele.
Kakopa, katia saini, katabasamu.
Ghalani hakuna aliyemtaja.
Wiki hii kaja mara mbili,
nimempimia, na nyongeza nikamtilia.

Basi asubuhi hii nimebeba barafu ndani ya gunia,
kwa njia kuu, si uchochoroni.
Sikwenda kumwambia Mize kwamba yuko sawa.
Sijui kama yuko sawa.
Nilimwambia bei.
Akahesabu, akazidisha mia mbili, nikamrudishia.
Kanzu ilikuwa imelowa mgongo mzima.
Kombo kaniona; Faki ataambiwa kabla ya adhuhuri.

Wateja mpaka saa hizi: wawili.
Naandika.