Kijiko Kimoja, Kasoro

Siku mashine ilipofika
Bwana Lugwisha alituita wote jikoni, hata mlinzi,
akaipigapiga mgongoni kama ng'ombe wa mnadani.
"Minza," akasema, "sasa pumzisha mikono."

Mikono yangu ilikuwa na miaka tisa ya sangara.
Mafuta ya sangara hayaondoki kwa kuombwa.

Nikashuka Makoroboi kutafuta sabuni ya mashine.
"Ya nguo?" akauliza muuzaji.
"Ya vyombo."
Akanitazama, akanipa ya maji, ya kijani,
kwenye chupa iliyotobolewa kifuniko kwa msumari,
inanukia ndimu isiyowahi kuuona mndimu.
Elfu mbili. Nikajiambia: sabuni ni sabuni.

Sabuni si sabuni.

Nilibonyeza. Mashine ikanguruma, ikanyamaza
kama mtu anayemeza tonge la moto,
kisha povu likachungulia mlangoni,
likashuka, likapita chini ya meza ya vitunguu,
likavuka kizingiti, likaenda zake mapokezi
kumsalimu mgeni wa Geita aliyekuwa akidai risiti.
Bwana Lugwisha akasimama ndani yake, limemfika vifundoni,
akatamka neno moja la Kisukuma
ambalo hapa silitii.

Kumbe mashine haitaki povu.
Na mimi maisha yangu yote nilipima usafi kwa povu:
likiwa jingi, vyombo vimetakata,
likipungua, ongeza.
Sabuni yake ni unga mweupe, mkali, usio na maneno.
Unaingia, unakula mafuta, unaondoka.
Ulipanda basi kutoka Dar kwenye kopo
lenye maelezo ya lugha tatu, yetu haimo,
na picha ya kijiko.

Nikatia vitatu. Glasi zikatoka na ukungu
kama ziwa saa kumi na mbili asubuhi.
Nikatia viwili. Ukungu ukapungua.
Fundi Bahebe akacheka: "Maji yetu ni laini, dada,
hayahitaji kubembelezwa."
Kimoja. Kimoja, kasoro kidogo,
na glasi ikalia nilipoipitisha kidole.

Mengine nilijifunza kwa kukosea.
Kwangua kwanza: mwiba wa sato ukinasa kwenye chujio
utainama na tochi hadi usiku.
Sahani zisibanane, maji nayo yanataka pa kupita.
Vijiko visilaliane.
Na usiifungue ikiwa bado inahema.

Siku moja nililifuata bomba la maji machafu.
Linatokea nyuma ya stoo, linateremka kati ya mawe,
linapotelea kwenye matete. Palikuwa na mtu anavua pale,
ndoo yake ina sato wawili,
akanisalimia vizuri, akaniuliza jikoni tunanunua kwa bei gani.
Sikumwambia kitu.
Nilirudi, nikalifunga kopo, nikaandika juu yake kwa kalamu nene:
KIMOJA. KASORO.

Nyumbani Igoma sufuria ya mama naisugua kwa majivu,
kama alivyoisugua yeye. Ile siipeleki kazini,
hata Bwana Lugwisha akiniomba.

Usiku nanusa vidole vyangu. Havinuki chochote.
Paka wa jirani, aliyekuwa akinipokea barabarani
na kunisindikiza mpaka mlangoni,
siku hizi ananitazama tu
kutoka juu ya ukuta.