Ukosi wa Kijani

Kimo chake hakizidi kidole gumba changu.
Nilimmimina kwa risasi ya betri kuukuu
ndani ya plasta ileile ninayopimia vinywa vya watu.
Risasi: lugha yetu haikujali kutenganisha
kile alichoumbwa nacho
na kile, pengine, kilichomwangusha.

Mchana natengeneza meno ya bandia, hapa Kamalondo.
Jioni, mgonjwa wa mwisho akishaondoka na pengo lake,
nafuta meza, nawasha taa ya chaji,
navaa miwani juu ya miwani,
namwambia: kaa sawa, bwana.

Kikosi cha nane, mwaka elfu moja mia nane na tisa,
wawindaji waendao kwa farasi
(si wawindao farasi,
kama alivyodhani Numbi, mwanafunzi wangu,
akawahurumia farasi wiki nzima).

Koti ni la kijani. Kijani gani?
Kitabu changu cha mtumba, kisicho na jalada,
kinasema "kijani cha giza," kisha kinanyamaza.
Nilisaga kipande cha malakiti: kiling'aa mno,
kama mtu aliyefika arusini bila kualikwa.
Mwishowe niliipata rangi chunguni,
sombe iliyolala usiku mmoja.
Niliiiga kwa matone, nyeusi kidogo, manjano kidogo,
mke wangu akiuliza kama chakula ni cha kuangaliwa.

Pindo za mikono, waridi.
Hiyo ninayo, kopo zima: rangi ya fizi.
Brashi, nywele tatu za sikio la mbuzi.
Vifungo nilivigusa kwa ncha ya sindano,
kimoja kwa pumzi moja.

Na ukosi, nao niliupaka waridi.
Wiki tatu nilimtazama nikifurahi,
mpaka nilipobandua kurasa mbili zilizogandana:
wa saba, ukosi na pindo waridi;
wa nane, pindo waridi, ukosi kijani,
na uzi tu wa waridi ukingoni.
Nani angejua?
Katika Lubumbashi nzima, nani angenisimamisha njiani
aniulize habari za ukosi?
Lakini jino likizidi unene wa karatasi
kinywa chote kinajua.
Nilikwangua. Nikaanza shingoni upya.

Shangazi Kabedi alikuja kuchukua meno yake,
akamwinua kwa vidole viwili hadi dirishani.
"Huyu ni nani?"
Sijui jina lake, nikasema.
"Unajua vifungo vyake, haujue jina yake?"
Alimgeuza. Alimnusa.
"Na huyu farasi hayatembea bado.
Angalia miguu: safi
kama ya mutoto wa kubebwa mugongo."

Nilitaka kumweleza juu ya ngozi ya kahawia,
tabaka sita, kila moja nyembamba kuliko jasho.
Aliendelea, ufizi mtupu ukiyalainisha maneno:
"Kaka yangu, baba yako, walimupa ovaroli ya bulu.
Ilikuwa bulu, nilifua mwenyewe.
Nani aliyaona ile bulu?
Alirudi kazini na rangi moja,
toka kofia mpaka viatu."

Nilitoka. Mlangoni, pale maji ya mvua yanapoacha vumbi,
nilichota kidogo kwa ukucha.
Vumbi letu, jekundu. Kitabu kimetaja kila uzi,
hakikusema lolote juu ya udongo.
Nikapaka kwato. Nikapaka magoti.
Nikapanda, mkono ukisita, hadi kwenye kiatu,
kwenye pindo la koti,
kisha, nikizuia pumzi,
kidogo kwenye ukosi.

Kijani kipo, chini yake. Mimi najua.

Nyuma yangu Shangazi alivaa meno,
akauma hewa mara mbili,
akasema, yamekaa.