Upana wa Mwanya

Paini ya Sao Hill, niliipiga randa
siku mbili za Julai, vidole vimekufa ganzi.
Waliniagiza sanduku. Hawakusema la nini
mpaka nilipouliza: mwanya uwe na upana gani?
"Wa karatasi iliyokunjwa mara nne," akasema Mwalimu Kihwele,
"isiyo na jina."

Tulikaa kidato cha pili, magoti yakigota madawati.
Mzee Mhema akasimama na koti lake la mvua:
"Barua isiyo na jina ni jiwe la gizani.
Kesho ataniandika mtoto niliyemfukuza
kwenye maparachichi yangu."
Akapigiwa makofi.

Matroni hakusimama.
"Wanaokuja kwangu usiku huomba dawa ya tumbo.
Nawapa. Wakishameza,
hubaki wamesimama mlangoni."
Mtu mmoja akakohoa.

Kisha ufunguo. Ashike mkuu? Mwenyekiti? Mchungaji?
Saa nzima ya ufunguo,
na chai ikapoa.

Fundi sikuulizwa.
Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilijua
kwa nini Lukelo aliacha shule.
Nilijua stoo ipi, nilijua siku,
nilijua mpaka mlio wa komeo.
Nikanyamaza. Ukimya ule
ukaota ndevu pamoja nami.

Wiki ya tatu wakaniita: ukungu wa Mafinga
umevimbisha mbao, kifuniko kimegoma.
Nikakuta karatasi imekwama mwanyani, nusu nje,
ya daftari la mistari,
na herufi g yenye mkia uliojikunja kama takataka za randa.
Mkia ule nilimfundisha mimi Twilumba,
kwa penseli ya kazi, juu ya kipande cha ubao,
hajaanza hata darasa la kwanza.

Patasi mkononi. Uwanja mtupu.
Baba ni yupi, anayesoma
au anayesukuma?

Nikachukua rula ya chuma, nikaisukuma.
Ilianguka bila kishindo.
Ilikuwa peke yake humo, au hazikuwa nyingi.

Jioni nikakaa jikoni, nikamenya viazi,
kazi ambayo sijawahi kuigusa nyumba hii.
Twilumba akanitazama, akapuliza moto.
Sikuuliza. Tukamenya
mpaka vya kesho.

Sanduku halijafunguliwa bado.
Ufunguo uko kwa mwenyekiti,
na mwenyekiti yuko Makambako, msibani.

Lakini kufuli niliinunua mimi, sokoni,
na kufuli zile
huja na funguo mbili.