Jozi

Aliketi kwenye kiti changu cha kupimia, Bohumil Zapletal,
akautazama mguu wake wa kushoto
kama mzigo ulioachwa na abiria asiyerudi.
Kiharusi kilimkuta Oktoba, akinyoa ndevu.
Tangu hapo wayo unaning'inia, vidole vinakwaruza sakafu,
na nyonga hulazimika kuuzungusha nje kila hatua
kama mtu anayefyeka.

Nikachovya bendeji za plasta, nikamzungushia hadi chini ya goti.
"Vuguvugu," alisema, upande mmoja wa mdomo
ukimsubiri mwenzake.
Miaka thelathini na moja alikata ngozi za viatu
katika kiwanda cha matofali mekundu, hapa hapa Zlín.
Ameipima miguu mingi kuliko mimi,
wala hakunificha.

Wiki ya pili nikamletea gango: plastiki nyeupe,
nyembamba kifundoni, mikanda miwili.
Hakulivaa. Alipitisha kidole gumba ukingoni,
polepole, macho kafumba.
"Hapa," akasema. "Hapa patamng'ata mtu."
Nikacheka. Nina cheti ukutani.

Siku tatu baadaye akarudi na alama nyekundu,
pale pale, kama punje ya dengu.
Siri ya mtungi huijua kata.
Nikawasha kipuliza joto, nikaulainisha ukingo,
naye kauinamia mkono wangu kama nyapara:
"Bado. Bado kidogo. Basi."

Kisha likazuka la kiatu.
Gango halikuingia katika arobaini na mbili yake;
kushoto kulitaka arobaini na nne.
Drahomíra, mkewe, akanunua jozi mbili,
akampa kimoja kimoja.
Mzee akavipima kwa macho, kikubwa, kidogo.
"Anayefunga hivi sanduku moja," alisema,
"ningemfukuza kazi."

Akavivaa.
Nje ngazi zilikuwa barafu tupu,
tukatumia ukumbi, mita kumi na mbili.
Nilitega sikio, si jicho.
Kisigino, kisha wayo. Kisigino,
kisha wayo. Ule mkwaruzo haukuja.
Mita ya saba aliyumba, akashika ukuta, akatukana.
Mwisho wa ukumbi akageuka, na kugeuka ndiko kugumu,
akauliza viko wapi vile viwili vilivyobaki,
kidogo cha kushoto, kikubwa cha kulia.

"Sandukuni," akajibu Drahomíra.

"Vitunze. Yuko mtu mahali
aliyepigwa upande wa pili."