Sikuwa Lisboni

Ujumbe uliingia nikikoroga uji wa uwele:
Ndugu mteja, umelipa shilingi 312,650,
Lisboni, saa nane na dakika arobaini na saba usiku.
Mwiko ukasimama. Uji ukashika chini.

Wahenga walisema mali bila daftari
hupotea bila habari.
Yangu ilikuwa na daftari,
na habari ilifika kabla sijanawa uso.

Nikapiga simu benki. Bonyeza moja, bonyeza nne,
subiri, simu yako ni muhimu kwetu,
kinanda, kinanda, kinanda,
mpaka mbuzi akaingia jikoni na sikumfukuza.
Kisha sauti ya kijana, laini kama mlenda:
"Mama, kadi tumeifunga. Fika tawini na kitambulisho."

Kadi ile naijua. Niliichukua mwaka ule
karani wa ushirika alipokataa kulipa zabibu kwa taslimu.
Huifunga kwenye kipande cha kanga,
kanga ndani ya kopo la majani ya chai,
kopo juu ya kabati.
Nikapanda kigoda, nikatazama.
Ipo.
Imetulia pale kama kuku anayeatamia,
na mayai yameshaliwa.

Dodoma mjini upepo wa Agosti unasukuma vumbi
hadi ndani ya benki, juu ya marumaru.
Nilishika namba: B sitini na tatu.
Binti wa dirisha la tatu, beji yake yasema Ndahani,
akanipa fomu ya kurasa mbili.
Taja muamala unaoupinga. Nikataja.
Eleza ulikuwa wapi wakati wa muamala.

Hapo kalamu ikagoma.
Kuwepo kuna shahidi.
Kutokuwepo huonwa na nani?
Saa nane usiku ule nilikuwa shambani Hombolo,
zamu yangu ya maji,
jembe mkononi, tochi mdomoni,
nahamisha mfereji kutoka mstari wa tisa kwenda wa kumi.
Shahidi wangu ni Chidumizi wa shamba la chini,
ambaye tuligombana saa ileile,
akidai nimemwibia dakika ishirini za maji.

Nikaandika hivyohivyo.
Ndahani akasoma, akauma mdomo asicheke.
"Mama, hili la dakika ishirini tulifute?"
Nikasema liache. Ndilo ushahidi.

Akakigeuza kioo cha kompyuta upande wangu.
"Na hii ya tarehe tatu, elfu moja na mia mbili, unaijua?"
Niliiona. Nilidhani makato,
maana benki nayo hula kama panya,
huuma ikipuliza.
"Hapo walikuwa wanabisha hodi," akasema.
"Wakisikia kimya, ndipo huingia."

Siku arobaini na tatu.
Nilimwaza sana huyo wa Lisboni.
Ndahani aliniambia ni duka la viatu.
Basi nikampa mguu mpana, kesho yake mwembamba,
nikampa mvua, nikampa ngazi ndefu za kupanda.
Usiku mwingine nilimwona akitembea juu ya zabibu zangu,
kilo mia mbili na ushee,
nikajiuliza kama zinambana vidole.

Fedha ilirudi Jumanne,
isipokuwa ile elfu moja na mia mbili.
Fomu yangu haikuitaja, na muda wake umepita.
Hodi hairudishwi.

Jioni nikapita kwa Chidumizi kumshukuru,
maana benki walimpigia, naye akaapa
kwamba usiku ule nilikuwa palepale, namwibia.
Alikuwa akikaza waya kwenye nguzo. Hakugeuka.
"Benki wamekurudishia," akasema. "Na dakika zangu?"

Nikataka kumuuliza ana fomu.
Sikumuuliza.
Zamu iliyofuata niliziba mfereji mapema,
nikazima tochi, nikakaa kwenye tuta
nikisikiliza maji yakiteremka kwake.
Saa sikuitazama.